Alama Thelathini na Moja

Sanaa ya kumwitikia mwenzako asiyekuwepo ina kanuni tatu, na Subilaga Mwakalinga wa kidato cha tano ndiye aliyezitunga. Kanuni ya kwanza: usiitike haraka, maana wenye hatia ndio wenye haraka. Ya pili: unapoitika, tazama kitu kingine kabisa, dari au ukucha wako au nzi, kama mtu aliyechoka kuitwa. Ya tatu ndiyo iliyompa heshima bweni zima: ongeza lalamiko dogo. "Nipo, ila dirisha hili halifungi." Hakuna matroni anayemshuku mtu anayelalamika. Asiyekuwepo analalamikaje?

Kwa kanuni hizo, rafiki yake Gwantwa alihesabiwa kuwa bwenini siku nne mfululizo huku akila pilau kwenye harusi ya dada yake Kyela.

Krismasi, Subilaga alimwonyesha mama yake sanaa yote, kwa vitendo, sebuleni. Alikuwa matroni, akawa Gwantwa, akawa yeye mwenyewe. Mama yake, Tupokigwe, nyapara wa wachumaji chai, mwanamke aliyewahi kumnyamazisha mhandisi kwa kumtazama tu, alicheka mpaka akashika tumbo la chini akainama. Wote wawili walidhani ni kicheko.

Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, na Subilaga alikuwa amesimama kwenye lango la Kituo cha Saratani akiwa na sare ya shule, ruhusa ya wiki moja yenye mhuri, na mfuko wa machungwa. Juu ya lango maandishi ya mwanga yalikuwa yakipita taratibu: ASILIMIA TISINI NA SITA YA TULIOWATIBU WAMEPONA. Alisimama akayasoma mara mbili, kwa adabu, kama anavyosimama wimbo wa taifa ukiimbwa. Alikuwa na sababu. Ujumbe wa mwisho wa mama yake ulisema: "Zahanati wamenipima, nimepata sabini na nane. Jiandae kunivumilia miaka mingine arobaini."

Kila mtu milimani alijua maana ya sabini na nane. Mashine ya kituo iliitwa Mpambanuzi. Ilinusa damu ya mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi na kutoa alama kati ya mia. Hamsini kwenda juu, unavaa bangili ya kijani, unapata mionzi na sindano sita, moja kila Jumatano. Chini ya hamsini, unavaa nyeupe. Wenye nyeupe walipewa dawa ya maumivu, uji wa ulezi na kwaya siku ya Jumapili.

Wodi ilikuwa ndefu, yenye madirisha yanayotazama miteremko ya chai. Kule kwenye tambarare mashine zilikuwa zikichuma zenyewe, lakini miteremkoni bado walichuma watu, na karibu wote waliolala mle ndani walitoka huko. Mama yake alikuwa kitanda cha saba, amekaa wima, anamenya viazi vya jikoni ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Hawawapi chakula huko?"

"Wanatupa makande, na makande hayanenepeshi, yanatia hasira tu." Subilaga akaweka machungwa kitandani, akainama kumkumbatia, na hapo akaiona bangili kwenye mkono unaoshika kisu.

Ilikuwa nyeupe. Juu yake pameandikwa 31.

"Mama. Hii nini?"

"Bangili."

"Naona ni bangili. Yako iko wapi?"

"Hii ndiyo yangu. Mashine yao imesema hivyo, tufanyeje? Lete chungwa."

"Ulisema sabini na nane!"

"Hiyo ilikuwa zahanati. Punguza sauti, watu wamelala."

Hakuna aliyekuwa amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na wodi nzima ilikuwa imenyamaza ili isikie vizuri. Kitanda cha nane alikaa mwanamke kijana, mweusi wa kupendeza, anafuma sweta dogo la pili la mapacha wake, lililofanana kabisa na lile lililokwisha. Bangili yake ilikuwa ya kijani. Alikuwa na alama sabini na nane.

"Karibu, mdogo wangu," alisema bila kuinua macho. "Mimi Anyelwisye. Mama amekutaja sana."

"Asante, dada," Subilaga akajibu. Wakati ule bado alikuwa na adabu.

*

Kabla hajaonana na daktari, alikwenda dirisha la mapokezi akajaza rufaa. Ndugu wa mgonjwa aliyefikisha miaka kumi na minane anaruhusiwa kuomba kipimo kirudiwe, na Subilaga alikuwa ametimiza kumi na minane Mei tarehe tisa. Alijaza kwa mwandiko wa mtihani. Skrini ikamjibu kwamba damu itachukuliwa upya Ijumaa, saa tatu asubuhi, na kwamba aliyeomba hawezi kuifuta rufaa. Mgonjwa akiitwa mara tatu asiitike, rufaa imekufa na haifufuliwi.

Ndipo akaenda kwa Daktari Mwansasu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kipara kinachong'aa na tabia ya kueleza mambo kwa kutumia vitu vya mezani.

"Binti, Mpambanuzi hasomi kiganja," alisema, akisogeza kikombe. "Anasoma viashiria vitatu. Kwanza, vipande vya vinasaba vya kirusi cha papiloma vinavyoelea kwenye damu. Kirusi hicho ndicho mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Pili," akasogeza kalamu, "protini inayomwagwa na uvimbe. Tatu," akatafuta kitu cha tatu, akakosa, akatumia miwani yake, "tunapima kama seli za uvimbe zinakosa hewa. Seli zilizozoea kukosa hewa huwa sugu, mionzi inazipitia kama mvua juu ya bati. Ukiviweka pamoja, unajua nani atapona kwa tiba hii na nani atateseka bure. Dozi ni ishirini kwa mwezi. Utampa nani?"

"Zahanati walimpa sabini na nane."

"Mashine ya zahanati ni ya kubahatisha. Inapima kimoja kati ya vitatu."

"Basi mlibadilisha damu."

Daktari hakukasirika. Alikuwa ameshasikia hilo kwa wanaume wenye mashoka. "Alama za vidole hatuwezi kutumia. Wachumaji wetu, utomvu wa chai umezifuta. Tulijaribu kupiga picha macho, wakagoma, wakasema macho yao si ya serikali. Kwa hiyo toroli la damu linapita, linaita jina, mgonjwa anaitika na kuingiza mkono. Sauti zote zinahifadhiwa kwa ajili ya ubishi kama huu. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuziomba. Tusikilize pamoja, uridhike?"

Subilaga alikubali. Alikaa kama anavyokaa mtu anayejua kwamba dakika moja baadaye ataombwa radhi.

Sauti ya toroli ilikuwa tamu na ya kijinga. "Tupokigwe Mwakalinga?"

"Nipo," ikajibu sauti nyembamba, ya haraka mno, ya mtu mwenye hatia.

Haikuwa ya mama yake.

Likapita jina la mtu mwingine, na la mwingine. Kisha: "Anyelwisye Kasebele?"

Kimya kidogo. Si kirefu. Kimya cha mtu anayetazama ukucha wake. Halafu sauti iliyomlea ikasema, kwa uchovu na kwa raha zake: "Nipo. Lakini benchi hili mmelitoa gerezani?"

Daktari Mwansasu akatabasamu. "Huyo Anyelwisye ni mcheshi. Na anaendelea vizuri ajabu, sindano nne tu na uvimbe umepungua kwa zaidi ya nusu. Sabini na nane! Mpambanuzi hakosei." Akazima. "Umeridhika, au kuna tatizo?"

Kanuni zote tatu zilikuwa zimefuatwa. Kama angekuwa anasahihisha, angempa mia. Subilaga alitazama kikombe, kalamu na miwani, vimepangwa mstari mmoja mezani.

"Daktari," alisema, "ikigundulika kwamba mtu ameingiza mkono kwa jina la mwenzake?"

"Haijawahi kutokea."

"Ikitokea."

"Rufaa italigundua siku hiyo hiyo, vinasaba havifanani. Aliyefaidika anasimamishwa tiba, na mwenye damu anaanzishiwa zake sita. Aliyesimamishwa njiani huwa hali yake ni mbaya kuliko ya asiyeanza. Kwa nini unauliza?"

"Tunasoma biolojia," alisema Subilaga. "Na mama yangu ana muda gani?"

Daktari akavaa miwani. "Kwa uvimbe ulivyo, wiki tano. Ukishavuka ukuta wa kizazi, hata angekuwa na tisini, sindano hizi hazimfai tena."

*

Alimkuta mama yake nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia shuka, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaota jua. Subilaga alikuwa ameandaa hotuba yenye utangulizi. Ikamtoroka yote.

"Benchi la gerezani, mama?"

Tupokigwe, Mungu amsamehe, akacheka kidogo. "Nilifikiri hilo lingekufurahisha. Ukubwani. Siku moja."

"Umenitumia ujumbe wa uongo."

"Sikudanganya. Sabini na nane nilipata kweli."

"Nilikuonyesha ule mchezo ucheke! Nilikuonyesha kwa sababu ni wewe! Na wewe ukauchukua ukaenda kufia nao." Sauti ilimpasuka katikati kama ya mvulana wa kidato cha kwanza, akachukia. "Kwa ajili ya nani? Umemjua lini huyo? Kwa sababu ana mapacha? Mimi si mtoto? Kwa kuwa niko mmoja basi mimi ni nusu?"

"Kaa chini."

"Sikai."

"Simama basi, ila sikiliza. Si kwa ajili ya mapacha. Mapacha nimewaona mara moja tu, na mmoja ana kelele." Mama yake akavuta kanga mabegani. "Wiki ya kwanza nilimuuliza yule daktari: katika wale wa thelathini, mmewatibu wangapi wakafa? Akaniambia, hatuwatibu, kwa sababu hawaponi. Nikamuuliza, mmejuaje hawaponi? Akasema, wote waliopata thelathini wamekufa. Nikamwambia, baba, ndiyo, hamkuwatibu! Akanionyesha michoro. Subi, mimi nimelea miche ya chai miaka ishirini. Mche ukiunyima maji ukakauka, unaandika kwenye daftari kwamba ulikuwa mche mbovu? Nani atakuelewa?"

Subilaga aliielewa hesabu hiyo haraka kuliko alivyotaka. Shule yake ilikuwa ya tatu kitaifa, na kila mwaka wasichana kumi na tisa au ishirini walichujwa kidato cha pili, wakarudishwa kwao na masanduku yao, ili wasiuguse wastani. Kisha shule ikatundika bango: ASILIMIA MIA WAMEFAULU. Alilipita bango hilo kila siku akienda kula, na kila siku alilisalimia kwa teke. Leo asubuhi alikuwa amesimama chini ya bango la namna hiyo hiyo, kwa heshima, na mfuko wa machungwa.

"Wodini tuko kumi na wanne wenye nyeupe," mama yake aliendelea. "Mwezi ujao watakuja wengine. Anyelwisye zahanati walimpa thelathini; nilitaka mmoja wa hao aingizwe mlango wa kijani, tuone. Mimi sina elimu, lakini kuona naweza. Na sasa anapona, Subi. Zimebaki sindano mbili. Akimaliza, wakapiga picha, ndipo nitasimama mbele yao wote niseme ukweli, na ile sauti yao wenyewe ndiyo itakuwa shahidi. Watalazimika kuwatibu wote."

"Baada ya picha itakuwa wiki ya nne."

"Huenda nikawahi."

"Huenda?"

"Huenda."

"Kwa nini wewe? Si wako wengine wenye kijani? Kwa nini usimpate mwingine wa kuitikia?"

"Ningemwomba nani kitu kama hicho?"

Subilaga alimchukia kwa swali hilo. "Ungeniomba mimi ruhusa."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Ndiyo maana sikukuomba," alisema mama yake kwa upole, na huo upole ndio uliouma kuliko yote.

Shuka zilipepea. Subilaga alisema akiwa amegeuka: "Nimeshakata rufaa. Ijumaa saa tatu. Haifutiki."

Kwa mara ya kwanza tangu amzae, Tupokigwe alimtazama bintiye kama alivyomtazama yule mhandisi.

"Basi Ijumaa," alisema, "mimi sitaitika."

*

Jumatano Anyelwisye alichomwa sindano ya tano. Alirudi ametepeta, akatapika, akafuma. Jioni alimvizia Subilaga kwenye bomba la maji.

"Mdogo wangu, najua unajua."

"Usiniite mdogo wako."

"Nilimkatalia mara tatu. Nakuapia. Ya nne sikukataa." Maji yalikuwa yakimwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. "Nilitaka kuishi. Nikwambie nini kingine? Ijumaa ukisema, nitaondoka. Sitapiga kelele."

Subilaga alikuwa amekusanya matusi ya bweni zima kwa ajili ya mwanamke huyu, mengine ya kidato cha sita. Aliyapitia yote kichwani. Halafu akafunga bomba, kwa sababu maji yalikuwa yanapotea.

*

Rufaa huendeshwa na muuguzi wa wodi nyingine, asiyemjua mgonjwa yeyote, ili pasiwe na upendeleo. Ijumaa hiyo saa tatu alikuja Sista mnene mwenye viatu vipya vinavyolia, na kibao cha skrini mkononi. Wodi nzima ilikuwa imekaa wima. Wanawake wengine kumi na watatu wenye nyeupe walikuwa wamefunga vilemba vizuri kama wanaokwenda ibadani, na Subilaga akaelewa kwamba wote walijua, tangu siku ya kwanza, wote, isipokuwa yeye.

"Tupokigwe Mwakalinga?"

Kiatu kikalia. Kitanda cha saba, mama yake alikuwa anatazama dirishani, mbali, kwenye miteremko, kama mtu aliyechoka kuitwa. Kanuni ya pili.

"Tupokigwe Mwakalinga? Ni mara ya pili."

Kitanda cha nane, sindano za kufumia zilikuwa zimesimama hewani. Mikono iliyozishika ilikuwa na rangi tena. Wiki sita zilizopita, walisema, mikono hiyo ilikuwa ya maiti.

Sista akashusha kibao. "Jamani. Nani amekata rufaa hii?"

"Mimi," alisema Subilaga. Akasimama, kama darasani.

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Basi nionyeshe. Yupo humu ndani, hayupo? Naita mara ya tatu, kisha nafunga."

Kwa miaka yote ya bweni Subilaga hakuwahi kusema neno hilo kuhusu mtu. Hata kuhusu wale aliowachukia. Msichana aliyesema "hayupo" wakati mwenzake anaitwa hakusalimiwa na mtu muhula mzima, na ilistahili. Unamwitikia. Uko tayari kupigishwa magoti kwenye kokoto, lakini unamwitikia. Ilitosha kunyoosha kidole kimoja, na mama yake angeanza sindano ndani ya zile wiki tano, akabaki na miaka arobaini ya kuvumiliwa.

Alimtazama mama yake. Mama yake hakugeuka.

"Tupokigwe Mwakalinga?" Sista akaita.

Hakuitika haraka. Alitazama dari, palipokuwa na nzi mmoja.

"Hayupo, Sista," alisema. "Na viatu vyako vinatupigia kelele."

Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna aliyecheka. Sista akaguna, akagusa skrini, rufaa ikafa. Viatu vikaondoka vikilia hadi mwisho wa ukumbi.

Subilaga alikwenda kitanda cha nane. Aliinama mpaka uso wake ukakaribiana na wa Anyelwisye.

"Imebaki moja," alisema polepole. "Utaichoma, utapona, na watakupiga picha ukiwa umenenepa. Ukithubutu kufa, nitakufuata huko huko nikuue mimi mwenyewe. Umenisikia, dada?"

"Nimesikia," alinong'ona Anyelwisye, na machozi yakadondokea sweta.

Subilaga akachukua mfuko wake. Machungwa aliyaacha. Alipita kati ya vitanda vyeupe, vilemba vikigeuka kumfuata, akafika mlangoni.

"Subi," mama yake akaita.

Msichana yeyote aliyelelewa na Tupokigwe, akiitwa, hujibu "abee mama" kabla hajajua kwa nini anaitwa. Neno lilimjia lenyewe mpaka kwenye meno.

"Subi, mwanangu."

Yupo. Alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye kitasa, kila mtu anamwona.

Hakuitika.